Mwenyekiti Aliyeanza Mistari Yote

Wako watu wakiona sahani chafu wanapita zao, na wako wanaoiosha hata kama ni ya jirani. Walburga Kapinga wa Ukata yumo katika kundi la pili, na ugonjwa wake haujapata dawa. Ukimwalika harusini utamkuta jikoni. Alipolazwa kwa malaria, wauguzi walimkuta akimtandikia mgonjwa mwenzake kitanda huku mpira wa dripu ukimfuata mkononi. Mumewe Joakim, mtu mpole ambaye maneno yake huchemka muda mrefu kabla ya kuipuliwa, husema kwamba tangu aoe hajawahi kumaliza kazi yoyote nyumbani kwake. Yeye huanza tu. Akigeuka kutafuta nyundo, msumari umeshapigiliwa.

Mtu wa namna hiyo akiishi kijijini hana pa kujificha, lazima awe mwenyekiti wa kitu. Walburga ameongoza jumuiya, ameshika mfuko wa kwaya, na kuna mwaka alisimamia ujenzi wa choo cha shule akaishia kukoroga zege mwenyewe. Lakini uenyekiti uliomkaa rohoni ni ule wa kikundi cha kutunza chemchemi.

Chemchemi yenyewe inatoka chini ya mteremko mkali, na mabomba ya kitongoji kizima yanaitegemea. Juu yake kuna mashamba ya familia mbalimbali. Zamani mteremko ule ulilimwa kwa ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa kwa miraba, kila shimo limezungukwa na tuta pande zote. Mvua ikinyesha, maji yanatuama shimoni na kuzama taratibu badala ya kukimbia na udongo. Wamatengo wamelima hivyo tangu enzi za mababu, na milima yao imewalisha hadi leo. Tatizo la ngolo ni jasho. Wajukuu wakaona heri kupiga matuta ya haraka haraka yanayoshuka na mteremko, wakamaliza mapema, wakajisifu. Mwaka mmoja mvua ikaja kwa hasira, udongo ukaporomoka ukaifukia chemchemi, na mabomba yakaanza kutoa maji ambayo ungeweza kuyatia sukari ukamkaribisha mgeni chai. Wanawake wakarudi kubeba ndoo kutoka bondeni, na nyumba nyingi zilikuwa na mtoto anayeharisha.

Kikao cha kutafuta suluhisho kilifanyika kwa desturi ya sengu. Kila nyumba ilileta chungu chake, watu wakala pamoja kwanza, maneno yakafuata baada ya kunawa. Ukishakula na mtu kwenye bakuli moja ni vigumu kumtukana kwamba shamba lake ndilo lililokuharibia maji, na yeye naye ni vigumu kukukatalia. Wenye mashamba wakakubali kurudisha ngolo na kuilima upya kila mwaka. Wakamchagua Walburga asimamie. Makamu wake akawa Mansuetus, ambaye wengi humwita Baba Glorious kwa jina la binti yake, mtu wa mzaha mwingi mwenye shamba moja katikati ya mteremko.

Kazi ya ngolo ina mgawanyo wake. Wanaume hufyeka nyasi, na zikinyauka huzilaza chini kwa mistari inayokatana. Wanawake hufuata na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo, kisha maharage yakapandwa juu. Nyasi zisipolazwa, mwenye jembe hana pa kuanzia. Na katika kitongoji kile kuna heshima moja ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuitangaza: aliyelaza mstari wa kwanza ndiye mwenye kipande. Mwenzake haingizi mkono mpaka aitwe, maana kuingia bila kuitwa ni kumwambia mwenzio kwamba kazi imemshinda. Walburga aliijua heshima hiyo tangu utotoni, ila alidhani ni ya wanaume wao kwa wao, kama mambo ya kunyoana ndevu.

Basi msimu wa kwanza wanaume walichelewa. Hawakugoma, walichelewa tu. Kulikuwa na msiba, halafu palizi ya kahawa, halafu mpira. Walburga alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha, na uvumilivu wake haujawahi kuwa mrefu. Alfajiri alipanda mteremkoni, akazilaza nyasi mwenyewe, mistari imenyooka utadhani imepigwa rula. Wanaume walipofika wakakuta kazi imekwisha. Wakasimama pale wakitazamana, wakamshukuru sana, wakarudi nyumbani. Msimu uliofuata wakachelewa zaidi, naye akawahi zaidi. Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka. Maji yakawa safi, sifa zikafika wilayani, na wageni wakaletwa kupiga picha.

Sifa hizo zikampeleka hata semina mjini Mbinga, semina ya viongozi wa vikundi kuhusu kujenga mambo yatakayodumu. Mtoa mada, kijana nadhifu aliyetoka mbali, alieleza kwamba kiongozi bora hupimwa siku asiyokuwepo. Walburga aliafiki kwa kichwa, akaliona ni neno zuri mno. Kwa bahati mbaya sehemu iliyofuata, ile ya namna ya kugawa kazi, ilimpita, kwa sababu alikuwa ametoka nje kuosha vikombe vya chai.

Aliyejaribu kumweleza uso kwa uso ni Sekela, afisa kilimo wa kata, binti wa Rungwe aliyepangiwa kazi Ukata na kuizoea baridi yake bila shida. Siku moja walipokuwa wakishuka mteremko pamoja alimwuliza kwa adabu, "Mama, mwakani ukiumwa mguu, nyasi hizi atalaza nani?" Walburga akamjibu kwamba mguu wake haujambo. Sekela akabadilisha mazungumzo, maana mtu mzima hasukumwi.

Mwaka huu, hata hivyo, mambo yalikataa kupangika. Binti yake Lidia, aliyeolewa na mwalimu Alex huko Lipingo kando ya ziwa, alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza mwezi wa tatu, mwezi uleule wa nyasi. Mama mzazi kutokwenda kumkanda binti aliyejifungua ni jambo ambalo kijiji hakisamehe, na Walburga mwenyewe asingejisamehe. Angekuwa ziwani tangu Kwaresma hadi Pasaka ipite. Na mvua za mwisho ndizo huwa na fujo. Nyasi zisipolazwa na kufukiwa mapema, mteremko ungebaki mtupu, chemchemi ingefukiwa tena, na kazi yake ya miaka yote ingeshuka bondeni pamoja na matope. Alilala vibaya kwa ajili hiyo.

Akapata wazo, na yeye aliliona la kiongozi hasa. Angewaanzishia. Kwa siku kadhaa alipanda kila alfajiri, akafyeka nyasi kidogo, na zilipoanza kunyauka akalaza mstari wa kwanza kwenye kila kipande cha mteremko, juu hadi chini, asibague shamba. Kisha akawapitia wenye mashamba nyumba kwa nyumba kuwaambia wamalizie. Wote wakajibu, "Hamna shida, mama," jibu ambalo katika nchi hii mtu mwenye akili analiogopa kuliko radi.

Jioni ile Joakim alimwuliza kama ni kweli ameanza vipande vyote. Akajibu ndiyo, vyote. Joakim akashika kidevu, akaonekana ana neno linachemka. Kabla halijaiva simu ikalia: Lidia ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Alfajiri Walburga alikuwa ndani ya gari la Mbamba Bay na kikapu cha unga wa ulezi magotini.

Kushuka kutoka Umatengo kwenda ziwani ni kuvua nguo kidogo kidogo. Sweta lilitoka, kisha kanga ya mabega, na barabara ilipokata kona na ziwa kujitandaza lote chini, Walburga alikuwa anajipepea kwa kitabu cha sala. Toka Mbamba Bay akapanda bodaboda hadi Lipingo, akafika ana tope hadi kwenye nyusi. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, mzima, mwenye sauti. Walimwita Crispin. Walburga alimbeba, akalia kidogo, akafuta machozi, akatazama nyumba na kuona kwamba haijafagiliwa.

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza upya. Alifagia, akachota maji, akapika uji, akaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, akafua nepi, akamkanda Lidia kwa maji ya moto mpaka akalala mchana kutwa. Crispin akilia anamnyanyua kabla mama yake hajajigeuza. Hata mashati ya Alex aliyafua, jambo la aibu kubwa kwa mkwe yeyote aliyelelewa vizuri. Maskini mwalimu akaanza kuficha nguo chafu kwenye mkoba wa shule, akawa anazifulia huko kazini wanafunzi wakishaondoka. Majirani walimsifu bibi wa kutoka milimani kwamba hajui kuchoka. Walburga alizipokea sifa zile kwa furaha, kama alivyozoea.

Lidia alisema mwishowe, mtoto akiwa karibu kumaliza wiki ya pili. Walburga alikuwa amekwisha weka beseni, amepima maji kwa kiwiko, mtoto yuko mkononi. Lidia alisimama mlangoni, nywele timutimu, amekunja uso.

"Mama, ukiondoka huyu nitamwogesha kwa simu?"

Walburga alicheka, akidhani ni utani. Lidia hakucheka. Alisema kwamba mtoto ni wake na hajui hata namna ya kumshika kichwa majini, kwamba usiku akilia anashtuka kama mtoto wa mtu mwingine, kwamba mashoga zake wakimwuliza kitu anasema subirini nimwulize mama. Alisema yote hayo kwa heshima, macho chini, lakini aliyasema. Kisha akanyoosha mikono.

Walburga aliumia. Tuseme ukweli, aliumia sana, kama mtu aliyerudishiwa zawadi. Akampa mtoto, akakaa kwenye kigoda, akaona mambo ambayo hangependa kuyaona. Lidia alimshika Crispin kama samaki anayetaka kuponyoka. Sabuni iliingia jichoni, mtoto akapiga kelele zilizofika ufukweni, maji yakamwagika sakafuni. Mara nne au tano mikono ya Walburga iliinuka yenyewe, naye akairudisha mapajani kwa nguvu. Mwisho Lidia alimfunga mtoto kwenye kanga, vibaya, mguu mmoja umebaki nje, akamweka kifuani. Crispin akanyamaza. Lidia alimtazama mwanawe na uso wake ukabadilika, na Walburga akajua kwamba kwa wiki nzima na zaidi alikuwa amemnyima binti yake kitu.

Jioni alitoka kwenda kukaa kwenye mawe ya ufukweni, mahali ambapo hewa ilikuwa nzuri na mtandao ulishika. Simu ikalia. Alikuwa Mansuetus.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama mwenyekiti."

"Milele amina, Baba Glorious. Mmemaliza?"

Mansuetus, ambaye hata msibani hukosi kumsikia akitania, hakuwa na utani wowote. Alieleza kwamba nyasi zimefyekwa na zimenyauka, ziko tayari, watu wamekaa. Walburga akauliza wamekaa wanasubiri nini.

"Tunakusubiri wewe, mama. Mistari ya kwanza ni yako kwenye vipande vyote. Nani ataingia?"

Walburga alisema kwamba alikuwa akiwasaidia. Mansuetus akajibu kwamba wanajua, na wanamshukuru tangu msimu ule wa kwanza, ila tangu msimu ule wa kwanza mteremko umekuwa wake. Walikuwa wakienda kumtazama tu, wakisubiri awaite, naye hakuwahi kuwaita. Wakaona labda anapenda hivyo. Mwanamume gani amwambie mama aliyeokoa maji ya kijiji kwamba apishe? Sasa mawingu yamejaa, wamekula sengu wakajadili, wakaona heri wapige simu.

Walburga alitazama upande wa milima. Kweli, mawingu yalikuwa yamekaa huko, meusi, yamejipanga. Angeweza kupanda gari kesho akawahi walau vipande vya chini. Angeweza kuwaambia waingie tu, kwa ruhusa yake, nao wangeingia kwa woga wakimpigia simu kila kona. Alifikiria yote mawili na yote mawili yalimvutia. Alikumbuka pia mistari yake ilivyolala pale, imenyooka, juu hadi chini.

"Iondoeni," akasema.

"Tuondoe nini, mama?"

"Mistari yangu. Iondoeni yote. Kila mwenye shamba aanze wa kwake."

"Yote? Mbona imenyooka vile?"

"Najua imenyooka," alisema Walburga. "Iondoeni."

Mansuetus aliuliza ikipinda itakuwaje. Walburga alijibu kwamba itapinda. Wakaagana. Alikaa kwenye yale mawe mpaka mbu wakamfukuza, na hakumwambia mtu yeyote ndani kilichomliza.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko Kwaresma yenyewe. Lidia alimwogesha mtoto, kila siku afadhali kuliko jana. Walburga alijifunza kukaa, somo gumu kwa mtu wa umri wake. Alex akajitokeza kula mezani, mashati yake yakarudi kambani. Joakim alipiga simu akaeleza habari za mbuzi na za jirani aliyeuza pikipiki, lakini habari za mteremko hakuzigusa, na mkewe hakuuliza. Kila akishika simu kumpigia Mansuetus aliiweka chini, akaenda kutazama wavuvi wakianika nyavu.

Kisha mvua ikaja. Walburga aliisikia ikiunguruma milimani tangu alasiri. Kesho yake Joakim alipiga, na safari hii maneno yalikuwa yameiva. Alisema kipande cha pembeni kimeshuka. Miraba ilikuwa mikubwa mno, maji yakaizidi, udongo umefika kwenye chemchemi, na mabomba yanatoa maji mekundu.

Walburga akasema anakuja kesho.

"Wamekaa sengu leo," Joakim akasema. "Nimekula nao."

"Wameamua nini?"

"Njoo siku yako ya kuja, mke wangu."

Hilo lilikuwa neno kali kutoka kwa Joakim. Walburga alilichukua akalala nalo. Asubuhi hakupanda gari. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya maishani, kuchimba wala kubeba, iliyomchosha kama ile ya kutopanda gari.

Alirudi baada ya Pasaka, na usipa mkavu kwenye kiroba, amembusu Crispin mpaka akaamka. Hakuanzia nyumbani. Alimwachia mwenye bodaboda mzigo aupeleke kwa Joakim, yeye akakata njia ya chemchemi kwa miguu. Alifungua bomba la kwanza alilolikuta njiani. Maji yalitoka safi. Akayaonja, akanawa uso, akaendelea.

Mteremko ulikuwa na miraba kutoka juu hadi chini, na maharage yamekwisha chomoza sehemu kubwa. Mistari ilipinda. Mingine ilipinda vibaya, kama imelazwa na mtu anayetoka kilabuni, na kila kipande kilikuwa na mkono wake, ungeweza kukisia cha nani ni kipi. Pale pembeni palipoporomoka watu walikuwa kazini, wanaume na nyasi, wanawake nyuma yao na majembe, wakirudia kwa miraba midogo zaidi. Sekela alikuwa miongoni mwao, ameshika jembe kama wengine. Walimwona, wakamwamkia shikamoo kutoka huko huko waliko, wakamwuliza habari za mjukuu, wakaendelea kulima. Hakuna aliyesimama kumpisha.

Walburga alifurahi na akaumia, vyote kwa pamoja, hata hakujua kipi kilitangulia. Alitembea kando ya vipande akivitazama kimoja kimoja, akafika kwa Mansuetus, aliyekuwa ameinama akirekebisha kona ya shamba lake. Mbele yake mstari mmoja ulikuwa umekwenda kombo wazi wazi. Walburga hakufikiri. Aliinama, mkono ukaenda kwenye nyasi.

"Mama, hapo pangu," Mansuetus alisema bila kuinua kichwa. "Ukiona pamepinda niambie, nitapanyoosha mwenyewe."

Mkono wa Walburga ukasimama hewani. Akaurudisha.

"Pamepinda," akasema.

Mansuetus akainuka, akarudi nyuma hatua kadhaa, akapatazama kwa jicho moja. Akakiri kwamba kweli pamepinda. Akainama, akazivuta nyasi, akazilaza upya, akauliza kama sasa ni sawa, naye Walburga akamwambia bado kidogo upande wa chini, Mansuetus akasogeza tena. Walburga alibaki amesimama kando ya kipande kile, hajui mikono yake aiweke wapi.